Sindano Saba

Asubuhi hiyo mshona vifungo alikuta sindano zake zote saba hazina uzi.

Miezi mitano mizima, tangu aache pombe na kulala kwenye vibaraza vya maduka, Fundi, mama mzee mwenye cherehani, alikuwa akimtungia uzi mapema, kimyakimya, maana mikono ya mshona vifungo ilitetemeka mno. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo.

"Fundi, leo umenisahau?"

"Mgeni siku mbili, mwanangu," alisema yule mama mzee, miguu ikiendelea kukanyaga cherehani.

Mshona vifungo akalowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akafumba jicho moja. Uzi ukapita mara moja. Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ulikuwa umetulia tuli. Tangu lini? Na huyu mzee alijuaje kabla ya mwenye mkono?

Hapo Fundi akamsogezea shati dogo lililopungukiwa na kifungo. Nguo za watoto alikuwa akimficha, tangu mshona vifungo amsimulie habari za mwanawe aliyezikwa.

Mshona vifungo akalichukua. Akaupima mkono wa shati kwa kiganja chake, polepole, hadi kwapani.

"Mwenye shati," akauliza, "ana miaka mingapi?"