Bangili Ndani ya Simu

Mzee Mwishehe hakuwa na macho, hakuwa na mke tena, wala hakuwa na habari za Rukaiya, binti yake mkubwa ambaye yeye mzee alimfukuza nyumbani siku ya arobaini ya mama yake. Alichokuwa nacho ni simu ya mezani, ile ya kuzungusha, ambayo kidole chake kilijua kila tundu.

"Baba, hii ya mkononi utakwenda nayo mpaka Keko unakosukia viti vyako," alisema Naima, binti mdogo. "Gusa tano, ina kipele. Hupotei hapo."

Aligusa. Kweli kabisa. Akaweka alama ya dole gumba kwenye barua aliyomwandikia Naima kulijibu shirika la simu: laini ya zamani ikatwe.

Simu ya mezani ikalia.

"Hao hao wasiosema," Naima alinung'unika. "Kila Ijumaa!"

Mzee akainua mkono wa simu, akasikiliza. Kimya. Kisha, kwa mbali, bangili ziligongana.

Mlio ule aliujua. Marehemu mkewe alizivaa bangili hizo ili mumewe ajue yuko chumba gani. Kwa kitambo alidhani kaburi limempigia. Halafu akakumbuka: zilivuliwa siku ya kumwosha, na aliyeondoka nazo ni Rukaiya.

"Mwanangu?"

Simu ikakatwa.

"Chana barua hiyo, Naima. Andika nyingine, laini ibaki."

"Na hii ya mkononi?"

"Kaa nayo wewe. Anayenitafuta anaijua namba hii tu."

Naima akaandika upya, akamshika baba dole gumba akaliweka kwenye barua, akailamba bahasha, akaifunga, akatoka kwenda posta. Mzee akavuta kigoda, akaketi, kiganja juu ya simu.