Mkwe Hatazamwi

Mtu alikohoa nyuma ya benchi, na Mama Nekesa akavuta leso yake mpaka kwenye nyusi, akageukia ukuta.

“Mama, ni mimi,” sauti ya mwanamume ikasema. “Mama Joy amenituma niwapokee. Yeye hajisikii vizuri leo.”

“Mulembe,” Mama Nekesa akausalimu ukuta.

“Nzuri, mama.”

Hakushangaa. Vijana wakikaa Pwani sana husahau hata salamu ya kwao. Kilichomshtua ni habari ya ugonjwa, maana kwenye simu binti yake Nekesa, huyo Mama Joy, alisikika mzima kabisa. Halafu akawaza, labda ni mimba nyingine, na akatabasamu peke yake.

Simu hiyo ilikuwa imepigwa muda mfupi tu kabla. Nekesa alimwambia kwamba mumewe Makokha angevuka na feri kutoka Likoni, aje kuwachukua yeye na mjukuu wake Joy upande huu wa kisiwani. Kasimu kake ka kubonyeza kalipaza sauti kama redio ya kinyozi, banda zima la abiria likasikia. Kisha kakazima, chaji imekwisha.

“Utamjua?” alikuwa ameuliza hapo mama wa Ukunda aliyeketi karibu naye na ndoo ya samaki.

“Nitamjua wapi? Mimi uso wake sijawahi kuona. Kwetu mkwe hatazamwi, na mkono hatupeani. Yeye akikuja njia hii, mimi napita ile.”

“Hata picha hujaona?”

“Nekesa alituma kwa simu ya jirani. Nikafunika huyo kijana na kidole, nikaangalia msichana wangu peke yake.”

Benchi nzima ilicheka, naye akacheka, kwa fahari. Makokha alipokuja kutoka Bungoma na wajomba zake kuleta ng’ombe wa mahari, yeye alishinda jikoni ndani ya moshi hadi wageni walipoondoka. Siku hizi wako wanawake wanaokaa meza moja na wakwe zao, wakapigwa picha wamekumbatiana. Yeye hapana. Hakutaka binti yake aje kuambiwa siku moja kwamba ametoka kwa watu wasio na adabu.

Na leo kulikuwa na jambo kubwa kuliko adabu. Joy, aliyekuwa amelala mgongoni mwake, alikuwa anarudishwa kwa wazazi. Alimlea pale Kibomet, Kitale, tangu alipoachishwa titi, Nekesa akifua mashuka ya wageni kwenye hoteli moja ya Diani. Sasa wazazi walikuwa wamepata nyumba ya kuwatosha wote watatu. Njia nzima ndani ya basi aliomba Mungu kitu kimoja tu: amfikishe mtoto salama.

Lango likafunguliwa. Watu wakainuka kwa pamoja wakaanza kusukumana kuelekea kwenye feri.

“Nipatie mtoto, mama,” mwanamume akasema nyuma yake. “Watu ni wengi, utaanguka.”

Kumkabidhi mkono kwa mkono haikuwezekana. Alimfungua Joy, akamketisha kwenye benchi, akasogea hatua kadhaa huku macho yake yakiwa chini. Akasikia mtoto akiinuliwa. Joy akaamka, akaanza kulia akimwita kukhu, bibi yake.

“Nyamaza, mjukuu wangu,” alisema bila kugeuka. “Ni babako huyo.”

“Tangulia, mama. Mimi nitakuja nyuma.”

Hapo mkwe alimfurahisha kweli. Mwingine angetaka waandamane bega kwa bega mbele ya watu.

Ndani ya feri alipata nafasi mbele, kando ya bodaboda iliyobeba kreti za soda. Hakuwa amewahi kuona maji mengi kiasi hicho, lakini hakuyajali. Mgongo wake ulikuwa mwepesi vibaya, na jasho la mtoto lilikuwa linakauka pale alipolala. Nyuma, mbali, alidhani amesikia kilio cha Joy. Injini ikanguruma ikakifunika, na kelele zilipopungua hakukisikia tena.

Amemzoea upesi hivyo, akawaza, na wivu ukamchoma. Yeye ndiye aliyekesha na homa za mtoto yule, ndiye aliyemfundisha kutembea, na baba amemnyamazisha kabla hata hawajavuka. Akajikaripia. Si ndicho alichokuja kufanya? Alitamani kugeuka mara moja tu, akione hata kichwa chenye vinywele alivyovisuka jana. Lakini angegeuka angekutana na uso wa mkwe. Akashika chuma cha feri kwa mikono yote miwili na kutazama mbele.

Upande wa Likoni alipanda mteremko pamoja na umati, akasimama kando kuwangojea.

“Mama!”

Nekesa alikuwa anakuja mbio, bado amevaa sare ya hoteli, mashavu yamejaa, mzima wa afya. Akamkumbatia mpaka leso ikaanguka.

“Pole, mama. Tumekupigia, simu haishiki. Tulifungiwa geti na feri ikatuacha, tukaona afadhali tuwangojee hapa hapa.”

“Kwani wewe si mgonjwa?”

“Mgonjwa? Nani amesema?” Nekesa alicheka, akichungulia nyuma ya mama yake. “Joy wangu yuko wapi?”

“Anakuja. Amebebwa na babake.”

Nekesa aligeuka kutazama ng’ambo ya barabara, ambako mwanamume mrefu, kofia mkononi, alikuwa amewapa mgongo, akingoja mama mkwe apite.