Katuni ya Gari la Marehemu

Badi alilichukua gari la kaka yake kabla hata matanga hayajaanuliwa. Leo aliingia bila haya studio ya Mwanakombo, mjane wa marehemu, akamwonyesha picha kwenye simu.

"Shemeji, nigeuzie gari langu liwe katuni. Nataka nilitundike sebuleni."

"Gari lako," Mwanakombo alisema.

Aliihamishia picha kwenye kompyuta. Akakoleza rangi, akazungushia bodi mistari minene myeusi, akazikuza taa zikawa kama macho yaliyotumbuliwa. Kisha, nyuma ya usukani, akamchora mumewe, na kofia yake na pengo lake.

"Bado tu?" Badi aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Njoo uchukue."

Printa ilianza kulitoa paa taratibu, kisha kioo cha mbele. Badi akainama kutazama.