Picha Zilizolaliana

Kamera ya Tunu ilikuwa ya plastiki, nyepesi kama ganda la yai. Mwanga uliivujia ukazitia picha rangi za ajabu, naye kwa hilo aliipenda. Ila ukishapiga, sharti uzungushe filamu kwa kidole. Usipozungusha, picha ya pili huilalia ya kwanza.

Mchana huo alirudi na picha zilizosafishwa. Ya jeneza la jirani likipita uchochoroni, aliyoipiga kwanza, hakuiona peke yake. Akaiona ya mdogo wake Hadia, mimba imekomaa, akicheka mlangoni. Jeneza limepita juu ya tumbo lake.

Mama alikuwa amemkanya: mja mzito hapigwi picha.

“Dada, zimesafishwa?” Hadia aliita toka chumbani. “Lete nijione nilivyoumuka kama andazi!”

“Yako imeungua, mdogo wangu.”

“Muongo!” Hadia akacheka. “Sema nimetoka mbaya.”

Tunu akaisukumia picha kwenye makaa ya jiko. Ikajikunja, wachukuzi wa jeneza wakaliwa na moto mmoja mmoja.

Chumbani kicheko kikakatika.

“Dada,” Hadia akasema polepole, “hebu njoo kwanza.”

Tunu hakuinuka upesi. Alikuwa akilitazama tumbo la pichani. Ndilo pekee lililokuwa halijashika moto.