Kipande Alichokikata Bwana Mkasi

Mzee mgeni alisimama mlangoni mwa karakana ya mashine za filamu. "Mimi nilikuwa mkaguzi wa filamu," alisema. "Watu waliniita Bwana Mkasi."

Shikamoo ilikuwa imeshamfika fundi kwenye ulimi. Akaimeza. Huyu ndiye aliyeukata mwisho wa filamu ambayo baba yake aliipenda kuliko zote, kisha akamfukuzisha baba huyo kazi ya kuonyesha filamu sinemani, alipogundua kuwa aliuonyesha mwisho huo kwa siri.

"Mwanangu, nasikia marehemu baba yako alikificha kile kipande."

"Si ulikiona ulipokikata?"

"Sikukiona. Niliambiwa kata, nikakata. Hadi leo sijui kama yule bwana wa kwenye filamu alirudi kwao." Mzee alifikicha macho. "Sasa haya nayo yananiaga."

Na yaage, fundi alisema moyoni. Uende nalo giza lako.

Lakini baba alimwapisha: atakayekuja kuuliza mwisho, mwonyeshe, hata awe nani.

Akafungua kopo. Mkanda ulinuka siki kwa uzee, mkavu kama jani kavu la mgomba. Ungepita kwenye mashine mara moja tu na kukatikakatika, tena kwa kuongozwa na vidole. Anayeuongoza hawezi kutazama ukutani. Yeye fundi aliuona mwisho ule mara moja tu, akiwa na miaka sita, mapajani mwa baba, na alichokumbuka ni mwanga tu.

"Kaa hapo," alisema. "Usipepese macho."

Mashine ikaanza kunguruma. Mkanda ukampita vidoleni, ukianguka vipande vipande miguuni pake.

"Kumbe!" mzee alinong'ona. "Kumbe alirudi!"

Fundi hakuinua macho.