Mkate wa Yerkin

Yerkin hakuvua hata buti. Alisimama jikoni akiukodolea macho ukuta, kwenye msumari mtupu.

"Apa, mkate wangu uko wapi?" alimuuliza mama yake.

Siku ya kuondoka aliung'ata mara moja, na mama yake, Raushan, akautundika pale. Kwingine husemwa asiyekuwepo na lake halipo. Nyika ya kwao haikubali: aendaye vitani huacha mkate alioung'ata, akirudi huumalizia, na asipoumalizia bado hajafika kwao. Njia nzima kutoka sayari ya Zohali, Yerkin hakutamani kingine. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, na alitumaini tonge la mkate ule mkavu lingeuamsha.

"Kaa kwanza unywe chai," alisema Raushan. Hakumkumbatia. Alimtazama kidevuni, mahali farasi alipomtia kovu utotoni, kisha akageukia birika. "Haya, nisimulie hiyo divisheni yenu."

Yerkin akaikariri historia kama walivyofundishwa, bila kupandisha wala kushusha sauti.

"Divisheni ya Tisa iliundwa Aral. Ikapigana mwezini. Ikauteka Ukanda wa Mawe. Ikaivunja ngome ya Titani, mwezi wa Zohali..."

"...na tangu iundwe haijapoteza askari hata mmoja," mama akamalizia.

"Umeijulia wapi?"

"Nimeshaisikia."

Labda redioni. Hakujali. Kuhusu Titani alikumbuka moto, halafu baridi, halafu kitanda safi na daktari akimwambia, "Una bahati wewe, huna hata mkwaruzo." Alijipapasa kidevu. Kweli, kilikuwa laini kama cha mtoto.

Raushan alimimina chai ya maziwa katika mabakuli manne.

"Kuna wageni?"

"Humu hamna mgeni."

"Basi nipe mkate wangu, Apa. Nimechoka kuwa njiani."

Mama hakulia; machozi yake yalikwisha zamani.

"Mkate ulishaliwa, mwanangu. Tangu mwaka juzi."

"Nani kala mkate wangu?"

Mlango wa chumba cha ndani ukafunguka.

"Mimi," alijibu Yerkin aliyesimama mlangoni, kovu lake likiwa palepale kidevuni. Nyuma yake akatokea Yerkin mwingine, mwenye kidevu laini, akavuta kiti na kumsogezea aliyefika.

"Kaa, ndugu yangu. Hata mimi niliamkia kitanda kile safi, bila kovu, nikaja kuuulizia."