Masese na Ubao Unaozama

Ubao ulizama Masese akiwa amepiga magoti juu yake, na hapo Owiti hakushangaa, maana ndivyo ulivyotengenezwa. Kilichomkera ni kwamba haukupanda tena.

"Hiyo kitu ni ya kupaa ama ni ya kuzama?" aliuliza Weldon, dereva wa trekta la shamba, akitafuna hindi la kuchoma ukingoni.

"Inazama kwanza, ndio ipae."

"Basi sehemu ya kwanza ameiva."

Watu wakacheka. Bwawa lilikuwa chini ya shamba la chai, upande wa Sotik, na njia ya mkato kutoka barabarani ilipita kando yake. Kila mpita njia alisimama kumwona mtu mzima akigombana na kibao kisichozidi mlango wa kabati. Chini ya kibao kulikuwa na mguu wa chuma wenye mabawa madogo. Mikononi Masese alishika bawa kubwa la kitambaa, limejazwa hewa likavimba. Alitakiwa kupiga magoti maji yakiwa kifuani, anase upepo, ubao ukipanda asimame, kisha ule mguu wa chuma umchukue juu ya maji kama aliyekanyaga hewa.

"Jana alienda ng'ambo na kurudi akipiga mluzi," Owiti alisema.

"Jana sikuwepo," alijibu Drusilla.

Drusilla alikuwa na klabu ya mchezo huo kule ziwani, na alikuja kutafuta mwalimu. Kwa ubao mkubwa, alisema, hata kuku atasimama. Mwalimu wake lazima aweze huu mdogo. Akimwona amesimama juu yake leo, aanze kazi Jumatatu. Asipomwona, kuna kijana mwingine anamngoja Homa Bay.

Masese aliihitaji kazi hiyo. Tangu mashine za kuchuma chai ziingie shambani, mikono yake ilikuwa ikishinda mifukoni. Owiti ndiye aliyemfundisha mchezo, na ndiye aliyempigia Drusilla simu akamwapia kwamba mtu wake hazami. Sasa mtu wake alikuwa anazama mbele ya kijiji kizima.

Na mchana ulikuwa umeanza kwa furaha. Shida ilikuwa vazi tu. Drusilla alileta la mpira, lile la kuzuia baridi, na lililobaki klabuni lilikuwa la mtu mwembamba. Owiti na Weldon walimvalisha Masese wakivuta huku na huku kama wanaoingiza mto kwenye soksi. Lilipoingia, halikuacha siri yoyote.

"Hili ulishonewa ukiwa darasa la tatu," Weldon alimwambia.

Masese alicheka mwenyewe, akavaa helmeti na miwani, akaingia majini mbio.

Alikuwa ndio amepiga magoti, kina mama watatu wakateremka njia ya mkato na vikapu vyao. Mmoja, mnene, mwenye mwavuli mweusi, akasimama.

"Huyo mtoto wa watu anateswa na nini?"

"Anatafuta kazi, mama," Weldon alimjibu.

Upepo wa kabla ya mvua ukaja. Ubao ukapanda, Masese akaweka mguu mmoja mbele, akatazama ukingoni. Akaanguka kama gunia la mbolea.

Mara ya pili, gunia. Mara ya tatu, gunia lile lile.

Owiti alivua viatu akaingia hadi magotini. "Omera, ndugu yangu, unanifanyia nini?"

Masese alielekeza kidevu ukingoni. Owiti akageuka, akaangalia vilele vya miti.

"Upepo uko sawa kabisa," alisema.

Masese akafumba macho.

"Hana hata mke wa kumtia moyo?" aliuliza Drusilla.

"Nyabate? Huyo amekimbia aibu," Weldon alisema. "Nimemwona akielekea steji ya matatu na gambuti zake, mbio."

Yule mama mwenye mwavuli hakupenda vicheko. "Wacheni kumcheka. Kijana, simama. Usiogope watu. Simama tukuone."

Masese akajishusha zaidi, mpaka maji yakamfika shingoni.

Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka upande wa Kericho. Drusilla akatoa funguo za gari. "Owiti, umenitoa mbali."

"Mpe mara moja tu," yule mama akamwomba. "Huyu ana watu wanaomtegemea. Ningekuwa mamake, ningelia."

Drusilla akakubali jaribio moja, na moja tu.

Upepo ukaja mzito, ukilaza majani ya chai. Ubao ukapanda. Maji yakamshuka Masese kifuani, yakashuka tumboni. Hata Weldon akaacha kutafuna. Yule mama akasogea mbele, akafunga mwavuli ili aone vizuri.

Masese akaachilia bawa, akatumbukia.

Owiti alipiga teke tope. Drusilla akaingia garini na kuliwasha.

Hapo ndipo Nyabate alipotokea akikimbia njia ya mkato, gambuti zikimpiga miguuni. Alikuwa anahema. Akaona gari, akaona ile helmeti juu ya maji na macho mawili chini yake, kisha akamwona mama mwenye mwavuli.

"Owiti, zuia hiyo gari," alisema.

Akamshika yule mama mabega yote mawili, taratibu, kwa heshima.

"Mama, mimi nakungoja steji, kumbe umepitia huku? Geuka utazame chai kidogo. Mkwe wako anataka kusimama."